Pori Nyuma ya Reli

Elbląg, 3 Aprili

Dada yangu mpenzi Sabina,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko Malmö? Magoti yanasemaje na hiyo baridi ya baharini? Mwanao Seweryn na mkewe hawajambo? Sisi wazima, kwa kiasi chetu. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu tukianza tu tunagombana, na ugomvi wa Krismasi bado umenikaa kooni.

Walery wangu alirudi kutoka hospitali ya mazoezi ya viungo mwezi wa kwanza. Anatembea kwa fimbo, mkono wa kulia mzito, lakini neno hata moja hatoi. Tangu kile kiharusi cha Oktoba sijasikia sauti yake. Mtu aliyeendesha tramu maisha yake yote, akipiga soga na abiria mpaka anachelewa kuondoka kituoni! Sasa anakaa dirishani anatazama ukuta wa jengo la pili. Mimi namtazama yeye. Jioni inafika, namlaza.

Basi nimefanya jambo. Usipige kelele. Nimechukua kiwanja kwenye zile bustani za kukodi za chama cha watunza bustani, nyuma ya reli. Ni kile cha mwisho kabisa, cha marehemu Bi Pelagia. Tangu afe hakuna aliyekigusa, na miiba imenipita kimo. Nilipotia sahihi mwenyekiti wa chama alinitazama akasema, "Mama, una uhakika? Katikati ya Juni tunakuja kukagua. Sehemu kubwa iwe imelimwa, la sivyo tunampa mwingine." Nikamwambia nina uhakika. Sikuwa nao hata kidogo.

Nitampeleka Walery na kiti chake na blanketi. Atazame kitu kingine zaidi ya ukuta.

Mdogo wako,
Ludka


Malmö, 12 Aprili

Ludka mdogo wangu,

Salamu. Sisi hatujambo, magoti yapo, yananibeba mpaka dukani na kurudi. Mpe shemeji salamu zangu, najua anasikia.

Sasa nikuulize: umepata kichaa? Una mgongo unaokulaza kitandani kila ukiinama kufunga viatu. Una mume wa kuvishwa na kulishwa. Halafu unakwenda kujitafutia pori! Krismasi ulinililia kwenye simu, "Sabina, siwezi tena," nami nikakuambia kuhusu ile nyumba ya wazee ya watawa, ukanikatia simu. Haya, nimewapigia mwenyewe. Mtawa mkuu tulisoma naye. Chumba kipo, kina dirisha upande wa bustani, lakini anataka jibu kabla Mei haijaisha.

Sikulazimishi. Nataka tu ubaki hai.

Na kama umeshaamua kuchimba, usipande nyanya kabla ile baridi ya katikati ya Mei haijapita. Nakujua, huna subira.

Dada yako,
Sabina


Elbląg, 4 Mei

Dada yangu,

Pokea salamu. Natumai hii itakukuta mzima. Mimi mgongo umekufa na mikono imechanika, lakini cha ajabu nalala kama mtoto.

Hujui watu wanatupa nini! Chini ya miiba nimetoa beseni la kuogea la chuma, mlango wa gari, kitanda cha springi, na magodoro ambayo sitaki hata kuyafikiria. Sangari, lile gugu sugu, imeshonana ardhini kama zulia, unang'oa huku inacheka kule. Jirani yangu wa upande wa pili wa uzio ni Bwana Gliwa, mstaafu, vitunguu vyake vimepangwa kama askari wa gwaride. Kila asubuhi anaegemea uzio. "Mama, bado unachimba kisima cha mafuta? Ukiyapata unikumbuke!" Namwambia, "Nikiyapata nakununua wewe na vitunguu vyako." Walau kuna mtu wa kujibizana naye.

Viazi nimepanda mistari kadhaa. Walery anakaa chini ya mti wa zamani wa plamu, hatazami chochote.

Sasa niseme lililo moyoni. Juzi nilikuwa navuta lile beseni, nikageuka, kiti kitupu. Dada, nilikimbia bustani nzima nikiita. Gliwa aliacha jembe lake akachukua baiskeli. Tulimtafuta mpaka jua likaelekea kuzama. Alikuwa kituo cha mwisho cha tramu, ameketi ndani ya tramu, kiti cha nyuma kabisa. Dereva alimtambua, Walery ndiye aliyemfundisha kazi, hakuwa na moyo wa kumshusha, akawa anazunguka naye tu. Nilipomfikia alikuwa analia, na hawezi kuniambia analilia nini.

Usiku huo nilikubali kwamba umesema kweli. Jana nimewapigia watawa. Nimesema ndiyo. Wanampokea mwanzoni mwa Juni.

Usinipongeze, tafadhali.

Ludka wako


Malmö, 11 Mei

Ludka, mdogo wangu,

Habari za hapo? Umekula? Naanza na hilo kwa sababu nakujua.

Sikupongezi. Nimesoma barua yako nimesimama jikoni, na supu imeungua. Nilidhani ukikubali nitapumua, lakini nimekaa hapa namkumbuka shemeji kwenye harusi yenu, alivyoimba wimbo mrefu mpaka wapiga kinanda wakaenda kula.

Nitakuja tumhamishe pamoja. Hutaingia mlango ule peke yako. Nitapanda meli mwisho wa mwezi. Nijibu upesi, niambie tarehe kamili.

Dada yako akupendaye,
Sabina


Malmö, 23 Mei

Ludka,

Hujajibu. Nimepiga simu asubuhi, mchana na jioni, siku baada ya siku, inasema haipatikani. Niliwapigia watawa, wakaniambia hawawezi kuzungumzia habari za familia kwenye simu. Habari gani? Kuna nini? Seweryn ananiambia nitulie. Sitaki kutulia. Andika hata neno moja.

Sabina


Elbględ — hata jina la mji wangu nimelikosea kwa haraka. Elbląg, 24 Mei

Dada yangu, dada yangu,

Tu wazima! Wote! Nisamehe. Simu ilitumbukia kwenye pipa la maji ya mvua, na mimi sikuwa na akili ya kukaa na kuandika. Sasa kaa chini wewe.

Ilikuwa asubuhi baada ya ile baridi yako ya Mei. Viazi vilikuwa vimechomoza, nilivifunika magazeti, vikanusurika. Nikasema kabla Walery hajaondoka, ngoja niusafishe ule mplamu, umejaa matawi makavu. Nikapanda ngazi na msumeno. Nikachagua tawi. Mimi najua nini kuhusu miti? Nikaanza kukata.

Nyuma yangu ikatoka sauti: "Mjinga! Siyo hapo!"

Nikadhani ni Gliwa. Nikageuka nimpe yake, nikamwona Walery amesimama, fimbo imeanguka, uso mwekundu kama bitiruti, kidole cha mkono mzima kinaelekea tawi la juu. "Siyo hapo," akasema tena.

Sabina, nilishuka ile ngazi sijui vipi. Nilikaa kwenye toroli nikalia kwa sauti mpaka Gliwa akaruka uzio akidhani mtu ameuawa. "Kuna nini, mama?"

"Ameniita mjinga!" nikamwambia.

Gliwa akamtazama Walery, akanitazama mimi. "Na ndiyo maana unalia hivyo? Mimi mke wangu aliniita hivyo kila siku; angeniita tena leo, ningekufa kwa furaha!"

Halafu Walery akanyamaza tena. Nikamshika mikono, nikamsihi, "Nitukane tena. Tafadhali, baba, mara moja tu." Akafikiri sana. Akasema polepole, karibu kwa upole, "Mjinga."

Nilimpeleka hospitali siku hiyohiyo tukiwa na matope mpaka magotini. Mwalimu wa pale anayefundisha wagonjwa kusema anasema hutokea hivyo, mara nyingi matusi ndiyo hutangulia, na sasa kwa kuwa mlango umefunguka kidogo tufanye kazi. Tutakwenda kwake kila wiki. Usifikiri ni muujiza. Maneno mengi hayaji, mengine yanakuja siyo yenyewe. Viazi anaviita abiria. Jana alivihesabu vilivyochomoza akaniambia, "Abiria wengi," na nikamwambia ndiyo, leo tumejaza.

Na anafanya kazi! Anaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anang'oa sangari kwa mkono wa kushoto, anaitazama mizizi kwa chuki kabisa.

Watawa nimewapigia kwa simu ya Gliwa. Nimesema hapana. Mtawa mkuu akasema, "Ashukuriwe Mungu, chumba kitapata mwingine."

Mdogo wako mjinga,
Ludka


Malmö, 2 Juni

Mjinga wangu,

Salamu kwako, na kwa shemeji salamu mara mbili. Nimelia, nimecheka, nimemsomea Seweryn, naye akatoka nje akisema anakwenda kuvuta sigara. Yeye havuti sigara.

Nilikuwa nimeshafunga sanduku la huzuni. Nguo nyeusi, hebu fikiria, kama mtu anayekwenda kuzika. Nimezitoa zote. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nimelala mpaka jua limenipiga usoni.

Lakini usinidanganye, mgongo unasemaje? Na hao wakaguzi?

Dada yako,
Sabina


Elbląg, 17 Juni

Dada mpenzi,

Hatujambo, tunatumai nanyi vivyo hivyo. Mgongo unauma, lakini unauma kwa sababu ya kueleweka.

Wakaguzi walikuja jana. Mwenyekiti, na mama mmoja mwenye kalamu, na mwingine wa kubeba mwavuli. Niliamka alfajiri nikafagia hata njia. Lakini ukweli ni ukweli: upande mmoja viazi, vitunguu, figili, maharage yanapanda vijiti. Upande wa pili, ule wa ukutani, kwenye ukuta wa reli, bado pori. Tusingeweza, dada. Mimi mikono miwili na yeye mmoja.

Yule mama akapima kwa macho. "Nusu," akasema. "Nusu siyo sehemu kubwa."

Gliwa akaingilia juu ya uzio bila kuombwa. "Sehemu kubwa ya nini? Nyinyi mmeona yaliyotoka humu? Njooni nyuma mkatazame lile beseni! Huyu mama nimemdhihaki tangu Aprili na hajapumzika siku moja!"

Mwenyekiti akamnyamazisha kwa mkono. Akamgeukia Walery, siyo mimi. Hakupiga kelele kama watu wanavyofanya wakidhani ni kiziwi. Akamuuliza tu, kama mwanamume kwa mwanamume, akionyesha miiba: "Na kule, bwana?"

Walery akafungua mdomo. Ikaja pumzi tupu. Nilitaka kumjibia, nikajiuma ulimi. Tukasubiri wote, hata yule mama aliacha kubofya kalamu. Treni ikapita, ikaisha, bado tunasubiri.

Kisha Walery akasema, vizuri kabisa, kila herufi mahali pake: "Kesho."

Mwenyekiti akacheka, akavua kofia. "Basi andika imepita," akamwambia yule mama. "Umemsikia mwenyewe. Kesho."

Nilimkumbatia Gliwa kwa bahati mbaya, nilikuwa nalenga mume wangu.

Leo asubuhi tulifika na jembe. Walery aliuangalia ule upande wa ukuta, akaniangalia, akaketi kwenye ndoo yake na kuanza kula figili. Nikamuuliza, "Siyo leo?" Akatikisa kichwa na kunyoosha kidole kaskazini, upande wa baharini, upande wako.

Kwa hiyo panda hiyo meli. Njoo na viatu vya mvua na glavu nene. Miiba yote ya ukutani tumekuachia.

Mdogo wako,
Ludka