Mtungi Ulionong'ona

Mjukuu wangu Anastazia,

Katika Ufipa nzima, babu yako ndiye mtu pekee ambaye pombe humwamkia shikamoo. Bibi yako hajambo, na bado anasema mimi ni mwongo. Mahindi yamekauka vizuri.

Unauliza huko Dodoma utaijuaje siku ya kuchuja mvinyo wa zabibu. Yaani mwanachuo anamuuliza aliyeishia darasa la nne! Haya, sikiliza.

Baba yangu alipofariki, mama aliniachia mtungi wa pombe ya ulezi ya kumaliza matanga. "Ikiwa inatokota, usiiguse," alisema. "Ikinyamaza, tunachuja siku hiyohiyo."

Nikatega sikio. Mle ndani mtu alikuwa akinong'ona, anakatiza, anakohoa kidogo, kisha anaendelea. Anastazia, kikohozi kile nilikuwa nakijua tangu utotoni.

Mnong'ono ulipoanza kufifia, nikatia konzi ya unga wa kimea. Ukarudi. Kila ukififia, natia tena. Mama akiuliza, namjibu, "Bado inaongea, mama. Fundi ni mimi, tulia!"

Wageni walipofika kutoka Kate, mama alionja, akatema. Ilikuwa siki tupu. Nikangoja kofi. Badala yake aliinamia mtungi, akaniuliza polepole, "Alikuwa anasemaje?"

Nilimnyima baba pombe ya matanga yake ili tu aendelee kusema, na sikushika hata neno moja.

Babu yako, Msanzi