Beberu Aliyeleta Gulio

Bunda, Jumamosi

Ieleweke kwa vizazi vyote kwamba leo beberu wangu amefariki akiitumikia serikali.

Bwana Shauri, yule ofisa wa wilaya, alikuwa ameapa: uwanja wa baraza usipojaa, gulio la pamba haliji hapa, tuendelee kubeba magunia kichwani mpaka Musoma. Kutangaza ni kazi yangu mimi karani. Leo uwanja umefurika, akina mama na watoto na mabakuli.

"Karani, maneno yako yana dawa!" akasema Bwana Shauri.

Nikiwa bado natabasamu, Mzee Wambura akapaza sauti: "Wee karani, nyama iko wapi?"

Basi, ukweli. Nilitumwa kuwaita waje kupiga kura. Kijiji cha tatu nilichoka, "kupiga" nikaiacha njiani: "Jumamosi wote mje kura!" Na sisi kula tunaitamkaga hivyo hivyo.

Mke wangu hakucheka. "Baba Nyamisi, wageni ni wako. Chinja yule beberu wako, mbuzi wangu usimguse."

Nikachinja. Wakala kwanza. Bwana Shauri alipouliza nani anataka gulio, mikono yote ikanyooka, inang'aa mafuta.

Kwa ufasaha wangu hakuja hata mmoja.