Uso wa Mama Dirishani

Studio, Jumanne asubuhi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na watoto. Natumaini mmeamka salama na kile kikohozi cha kitinda mimba kimeshamwachia. Sisi huku tunapumua. Mjomba goti bado linamsumbua, ila mdomo haujamsumbua hata siku moja. Jana alinigombeza mlangoni eti nimekonda, kisha akaketi akala chakula changu chote. Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine utayasoma mbele.

Barua yako niliipata Alhamisi. Unasema umeshaandika ya kuacha kazi na utaikabidhi mwisho wa mwezi. Unasema daktari wa huku alikwambia doa la mama lilikuwa likikua mwaka mzima, na wewe kila mwezi ulikuwa na picha yake mkononi. Hata sasa unazikuza kwenye simu mpaka zinakuwa vumbi tupu, na bado hulioni. Ukahitimisha kwamba mtu aliyekaa kliniki ya ngozi miaka kumi na sita akashindwa kuliona doa kwenye uso wa mama yake mzazi, macho yake yamekwisha na hana haki ya kumgusa mgonjwa. Wifi naye alinipigia. Akasema wiki iliyopita ulimrudisha mgonjwa mlangoni, ukamwambia akatafute mwenye macho. Akasema huli. Akaniomba niseme neno, kwa kuwa mimi huwa unanisikiliza. Nikamjibu nitaandika, na tangu hapo nimekaa na kalamu hii, mteja akiingia namshukuru Mungu kwa kunipa sababu ya kuinuka.

Niache nianze mbali kidogo, unavyonijua.

Mama alikaa miaka thelathini dirishani posta akiuza stempu, na kila aliyetuma barua katika mji huu alianza kwa kuuona uso wake. Ndiyo maana wakamwita Bi Kioo, naye akalipokea jina kama cheo. Ng'ombe hazeeki maini, ndivyo alivyokuwa akisema, na hata baada ya kustaafu alipaka wanja kwa safari ya kwenda kutupa taka. Uzee ulipoanza kumchorea usoni aliuona kama tusi. Vilianza vinyama vya shingoni, vidogo kama punje za mtama. Vikafuata vidoti vyeusi mashavuni, kisha madoa ya kahawia kwenye paji na mikononi. Alijaribu ndimu, akajaribu asali, akajaribu krimu ya shoga yake iliyomchubua wiki nzima. Siku moja nilimkuta jikoni na uzi wa cherehani, anajaribu kukifunga kinyama cha shingo ili kikauke na kudondoka chenyewe. Machozi yalikuwa yanamtoka, akaniambia ni vitunguu. Hakukuwa na kitunguu humo ndani.

Wewe tulipokuuliza ulitujibu vizuri. Ulisema ni madoa ya umri, hayaumi wala hayaui, ayaache yalivyo na ajifunike juani. Ila mimi ukanipa kazi. Ulitaka kila mwezi nimpige picha ya uso, karibu na dirisha, bila poda, nikutumie. Kwa sababu katika madoa mia, moja laweza kuwa si la umri, na hilo hujitambulisha kwa kubadilika. Simu ya video mama alishaikataa, alidai inamwongezea kidevu. Basi kila Jumapili ya kwanza nikawa namkalisha kwenye kile kiti kifupi cha studio, nasogeza pazia, nampiga, nakutumia. Nawe ulikuwa unajibu jioni ileile kwamba ngozi ya mama ni safi, tumshukuru Mungu. Picha kumi na moja, majibu kumi na moja.

Mwezi wa kumi na mbili aliacha damu kwenye mto. Hospitali walimwangalia lile doa la karibu na sikio, wakampima, wakasema limeshashuka mpaka kwenye mapafu. Daktari alisema kwa upole kabisa kwamba mwaka mmoja nyuma ingekuwa kazi ya kisu kidogo na nyuzi nne. Ulipofika uliomba bandeji ifunguliwe, ukatazama, ukauliza lilianza lini. Mama akasema juzijuzi tu. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa miguuni pa kitanda, nikawa nakunja shuka ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

Kisha tukazika. Ulisimama mbele ya watu ukasema kosa ni lako, kwamba mtoto wake ndiye aliyesomea maradhi haya na ndiye aliyeyatazama bila kuyaona. Watu walilia. Mjomba akakushika bega akakwambia usijibebeshe, mficha maradhi kilio humuumbua, akimaanisha mama. Mimi nilikuwa na sinia la vikombe mkononi. Nilikusikia neno kwa neno, kaka, nikaendelea kugawa chai.

Sasa nasema. Macho yako ni mazima. Doa hukuliona kwa sababu halikuwemo. Nililifuta.

Unaijua kazi yangu. Mtu akija kupiga picha, simpi uso uliotoka kwenye kamera. Naondoa chunusi, nalainisha mikunjo, nang'arisha chini ya macho, halafu ndipo nachapa. Wenyewe huniambia niwasafishe, na aliyesafishwa vizuri huwaleta jamaa zake. Nimeifanya kazi hii mpaka mkono unatangulia kabla ya akili. Siku ile ya kwanza mama alisimama nyuma yangu, akajiona kwenye kompyuta, akaapa kwamba sitamtumia mwanawe uso kama ndizi iliyopitiliza. Nikacheka. Nikamsafisha. Akajitazama, akaniambia nina mkono wa baraka, akarudi nyumbani akiimba.

Ningeweza kukwambia kwamba sikuelewa picha zilikuwa za nini. Ningekuwa naongeza uongo juu ya uongo. Ulikuwa umenieleza na nilikuwa nimeelewa. Nilijiambia mwezi ujao nitatuma halisi. Mwezi ujao ulipofika nikaona kwamba ukiyaona madoa yote yamerudi kwa mpigo utauliza, nami nitaumbuka. Basi nikafuta tena. Hukuwahi kunishuku hata mara moja, na hilo ndilo lililonirahisishia.

Na bado sijamaliza. Mwezi wa kwanza lile doa la karibu na sikio liliondoka kwa kubonyeza mara moja, kama mengine. Mwezi wa nne lilinichukua dakika nzima, maana kingo zake zilikuwa zimeanza kuchanika. Mwezi wa saba lilikuwa na rangi mbili. Mwezi wa nane sikuweza tena kulifuta. Ilinibidi nichukue ngozi ya shavu la kulia niibandike juu yake, na nikaridhika jinsi kazi ilivyokaa. Niliridhika, kaka. Katika dunia hii hakuna aliyelijua doa lile kuliko mimi. Nililipima kwa mkono wangu mwezi baada ya mwezi.

Mwezi wa tisa nilimwambia twende hospitali. Akasema hawezi kukatwa uso na mtu asiyemjua, na wewe usiambiwe, utapanda gari uje kumlazimisha. Akaniapisha. Utasikia watu wakisema kiapo cha mama ni kizito. Hiki kilikuwa chepesi kwangu kama unyoya. Nilikubali upesi mno, kwa sababu siri yake ilikuwa inaifunika yangu. Angenisukuma kidogo tu upande wa pili ningekwambia, lakini hakunisukuma, nami sikujisukuma mwenyewe. Nimekuwa nikimlaumu kwa hilo kimoyomoyo, marehemu asiyeweza kujitetea. Uone nilipofikia.

Hata ile picha juu ya jeneza ilikuwa ya mwezi wa nane. Watu walipita wakisema Bi Kioo ameondoka na uso wake wa ujana. Mmoja akaniuliza kama naweza kumfanyia mama yake vilevile. Nikamwambia aje Jumatatu. Alikuja, na nilimfanyia.

Sikuombi msamaha, maana najua ningekuomba ningekuwa nakutwika mzigo mwingine, wa kuamua. Nakuomba kitu kimoja: usiikabidhi barua ile. Huko kliniki kwenu kuna watu kwenye benchi wenye madoa kama ya mama, na wao huletwa na nyuso zao, si na mimi. Ukiacha kazi nitakuwa nimewaua na hao.

Hutaniamini kwa maneno, kwa hiyo nimekuchapia ushahidi. Ndani ya bahasha hii kuna picha kumi na moja kama zilivyotoka kwenye kamera, sikugusa hata kidoti. Nyuma ya kila moja nimeandika mwezi wake. Usizifungue peke yako; mwite wifi akae karibu. Anza na ya kwanza, uende kwa mpangilio. Utamkuta mama amechukia kidogo, kwa sababu nilimnyima poda, na madoa yake yote yapo, hata yale ya kuchekesha. Jana nilizipanga mezani nikajaribu kuzitazama kama wewe. Mimi ambaye sikusomea chochote nilisimama kwenye ya nne, nikaweka kidole juu yake. Wewe ungesimama kwenye ya tatu. Ungepanda gari jioni ileile.

Jumapili nitamwambia mjomba, na nitamwomba awaite wote waliokusikia siku ya mazishi, ili wanisikie na mimi. Baada ya hapo sijui nani ataendelea kula kwangu.

Msalimie wifi, mwambie neno aliloniomba ndilo hili. Mwekee kitinda mimba mkono kichwani kwa niaba yangu. Hao wakubwa wakikuuliza mbona shangazi hapigi simu siku hizi, waambie ukweli, kwa kiasi ambacho umri wao unaweza kubeba, na usinisafishe.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto