Fomu Haikuwa na Nafasi ya Mama Sauda

Mwalimu wangu Zubeda,

Nakuandikia kutoka Walukuba, tena kwa hasira, kwa hiyo usitegemee salamu ndefu. Mungu akurehemu.

Tangu tukuzike Mbale, chuo kimeunda kamati ya kupima ubora wa tafiti za idara yetu ya ustawi wa jamii. Nami nikaitwa. Nilifurahi, mjinga mimi. Tulipewa maandiko yaliyofutwa majina ya waandishi, pamoja na fomu: limechapishwa wapi, limenukuliwa na nani.

Andiko la tatu lilikuwa lako. Nililijua kwa ule ukurasa wa marekebisho ya wakazi. Unakumbuka? Hukuwasilisha kitu kabla hatujarudi mtaani Namatala, huko Mbale, kuwasomea wakazi wenyewe tulichoandika juu yao. Tuliketi kwa Mama Sauda, muuza maharage, nikasoma kwa madaha kwamba kina mama wa pale hawajali masomo ya watoto. Akanikata. Aliniita afande, kwa maswali yangu mengi.

"Afande, hapo umeandika uongo. Sisi napenda watoto wasome. Mutoto nafukuzwa juu ya yunifomu."

Ulicheka, ukanipa kalamu nifute mwenyewe. Ukasema, "Mkaguzi wetu ni huyu."

Kwenye kamati sikuyasema hayo. Kazi yako ilitoka kama kijitabu tu, kwa lugha ya watu wa pale, na hakuna msomi aliyeinukuu. Nikaipa alama ya chini kabisa, nikatia sahihi. Iliyoshika nafasi ya kwanza ni ya mtu ambaye hajakanyaga Namatala. Andiko lenyewe linakiri kwamba maswali yalitumwa kwa simu. Sasa idara imefuta safari zote za kurudi kuwasomea watu. Hazina ubora, wanasema. Ushahidi wao ni sahihi yangu.

Naona haya, Mwalimu. Ningeinua mkono tu. Niliogopa wangesema nampendelea mwalimu wangu, nawe hukuwepo wa kunitazama usoni.

Ijumaa nakuja Mbale. Nitapita kaburini kwako kwanza, halafu niende Namatala, nikae palepale penye maharage, nimsomee Mama Sauda fomu niliyoijaza, neno kwa neno, hadi jina langu. Akinifukuza, nitakuwa nimestahili.

Lala kwa amani. Kalamu nitampa yeye.

Mwanafunzi wako,
Rehema