Kituo Kinaita, Chombo Hakijibu

Munyaka, Eldoret
Jumapili, baada ya ibada

Mwalimu wangu Kirwa,

Unaujua msimamo wangu. Miaka yote ya uinjilisti niliwafundisha watu kwamba aliyekufa haulizwi neno wala hatumwi kwa Mungu, na sijalibadili fundisho hilo kwa sababu aliyekufa sasa ni wewe. Kwa hiyo sikuulizi kitu. Ninaandika kama nilivyokuwa nikikaa mbele ya kipaza sauti chako, nikituma ujumbe kwenye chombo kilichokwenda mbali, huku nikijua kwamba hakuna chombo chochote, ni wewe tu upande wa pili wa godoro la kuzuia mwangwi.

Tulikuzika Chepsaita, juu ya shamba lako, mahali ambapo mtu akisimama analiona lile ghala la mabati la mahindi. Mchungaji alipokuwa akisoma, mimi nililitazama ghala. Nilikuwa nikiikumbuka siku ulipoamua kwamba hicho ni chombo cha anga.

Ulikuwa umestaafu kufundisha fizikia, na ukaja kwangu na neno ambalo sikuwahi kulisikia: filamu ya mashabiki. Ulinieleza kwa uvumilivu kwamba watu wanaoupenda mfululizo fulani hutunga wenyewe hadithi mpya ndani ya ulimwengu wake, bila malipo, kwa mapenzi tu. Wewe uliupenda ule wa zamani wa safari za nyota, uliokuwa ukiutazama katika chumba cha walimu. Ulihitaji sauti yangu. Ulisema ni sauti iliyozoea kusoma majina ya wafalme bila kuchoka.

Basi ukavaa ovaroli, ukatoka katika mlango wa ghala ukitembea polepole kama mtu asiye na uzito, na mjukuu wako Chebet akashika kamera. Ng'ombe wa jirani akaingia nyuma yako kutafuta mahindi. Tulipoitazama filamu nyumbani, Chebet alicheka mpaka akaketi sakafuni. "Kugo," akasema, akikuita babu kwa lugha yenu, "spaceship yako iko na ng'ombe." Wewe hukucheka. Ulimaliza chai yako, kisha ukasema, "Kama chombo hatuwezi kukionyesha, basi tusikionyeshe."

Hapo ndipo kazi yako ya kweli ilipoanza. Ulitafuta namna nyingine za kusimulia. Ulijaribu picha zisizotembea, mimi nikisoma maneno juu yake. Ulijaribu michoro ya Chebet ya kalamu ya risasi. Hadithi moja uliitunga yote kama taarifa ya fundi anayekagua chombo baada ya ajali, na hiyo sikuielewa hata kidogo, ingawa mashabiki wenzako wa mbali waliisifu.

Kisha ikaja Jumapili ile, barazani kwa nyumba yako ya mjini, Kapsoya. Uliniuliza kama hadithi inaweza kusimama iwapo msikilizaji anapewa vipande tu. Nilikujibu kutokana na masomo yangu. Nilisema kwamba barua za mtume kwa makanisa tunazo, lakini zile ambazo makanisa yalimwandikia hatunazo, na bado kila anayesoma kwa makini anawasikia wale watu, maswali yao na ugomvi wao, katika majibu yake. Uliweka kikombe chini. Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa jambo nililosema madhabahuni wala nje ya madhabahu.

Ndipo tukapata namna yetu. Kapteni wa chombo cha mizigo anaenda mbali, na mzee mmoja amebaki kituoni peke yake. Tunasikia jumbe zao tu, zikizidi kuchelewa kadiri safari inavyoendelea. Machoni pa mtazamaji kuna dirisha la kituo na mbingu, ambayo ni mbingu ya Kapsoya. Wewe ulikuwa kapteni, mimi nikawa mzee wa kituo.

Na lile kosa langu. Mara ya kwanza nilipokaa katika stoo yako, mablanketi yametundikwa kila upande ili kunyonya mwangwi, nikaona watu wamenyamaza wananitazama, na nikafungua kinywa kama nilivyokifungua mbele ya kila kusanyiko maishani mwangu: "Bwana asifiwe." Nawe, kapteni wa karne zijazo, ukakohoa kidogo kusafisha koo, kama ilivyo desturi yako kabla ya kusema, ukaitikia, "Amina." Ulitaka tufute. Ulisema hao ni watu wa sayansi. Chebet alikataa, akasema hapo ndipo alipoamini kwa mara ya kwanza kwamba hao wazee wawili wanajuana. Ikabaki. Ikawa ndiyo ishara yetu katika kila ujumbe, na watu wa nchi ambazo sitazifikia huiandika chini ya filamu zetu.

Sasa nikueleze yaliyotokea tangu uondoke.

Katika filamu ya mwisho nilikwisha kurekodi swali langu: "Kapteni, unarudi, au tuache kukungoja?" Uliahidi kulijibu ukipona kifua. Hukupona. Nyumba yako ikasema uamuzi ni wangu, kwa kuwa swali ni langu.

Chebet alinijia hapa Munyaka na kompyuta yake. Alikuwa ameichukua sauti yako kutoka katika filamu zote na kuifundisha mashine. Akabonyeza, nawe ukasema, "Kituo, nimekusikia. Ninarudi."

Nilisimama kutoka kitini, Mwalimu. Nilisimama kabisa, kama mtu aliyeona mgeni mlangoni. Nikamwomba aicheze tena.

Baadaye ndipo nilipotambua kwamba sauti ile haikukohoa kwanza. Chebet alisema hata hilo linaweza kuongezwa. Nilipotikisa kichwa alinisihi kwa upole. "Mzee, si uwongo, ni acting tu. Ama tuweke ile Amen yake ya kitambo. Hiyo ni yake kabisa, hakuna mtu atajua." Sikumkemea. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa akitaka kitu kilekile nilichokitaka mimi. Nikamwambia nitajibu Jumamosi.

Juma hilo lilikuwa refu. Watoto wangu hupiga simu kutoka Nairobi, huuliza kama nimekula, nami husema nimekula. Tangu mazishi, Jumapili baada ya ibada, miguu imekuwa ikinipeleka Kapsoya kwa mazoea. Hufika hadi lango lako, nikaona kiti chako barazani, nikageuka. Nyumbani nimekuwa nikikaa na redio imezimwa. Kuna mambo ninayoyafikiria, mambo madogo, kwa mfano kama kweli maji huchemka mapema zaidi katika milima yetu kuliko Mombasa, na hakuna tena wa kumuuliza ambaye ataeleza mpaka chai ipoe.

Katika kukaa huko nililipata jibu. Ile Amina yako ya zamani uliitoa kwa neno ulilolisikia siku ile. Nikiichukua na kuibandika juu ya swali jingine, nitakuwa nimekuitikisha jambo ambalo hukulisikia. Na "ninarudi" ya mashine ni maneno yetu sisi tunaokutaka. Wewe hukuniambia kamwe kapteni angejibu nini. Nililitamani jibu lile mno, na kwa kuwa nililitamani mno sikuweza kuliamini.

Jumamosi niliingia lango lako. Nikamwambia Chebet kwamba kituo kitaita, na chombo hakitajibu. Tutafanya kama tulivyofanyiwa na barua za mtume: upande mmoja utasikika, na mtazamaji ataukosa ule mwingine kama tunavyoukosa sisi. Akaenda kutundika mablanketi.

Niliketi. Godoro lilikuwa limesimamishwa palepale mbele yangu, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Nikasema, "Bwana asifiwe."

Nikangoja. Nilingoja kiasi cha wewe kusafisha koo, nikapitiliza. Niliisikia mvua ikianza juu ya mabati. Chebet alikuwa nyuma yangu, amejiziba mdomo kwa mkono, kwa maana tulikubaliana asiitikie mtu. Lakini yeye amelelewa kanisani tangu tumboni. Mwishowe mkono ukashuka, akakohoa kidogo, vilevile kama wewe, akasema kwa sauti ya chini sana, "Amina."

Aliomba msamaha, akanyoosha kidole ili afute. Nikamzuia.

Tumeiacha, Mwalimu. Anayesikiliza vizuri atajua kwamba sauti hiyo haikutoka chomboni. Imetoka karibu, ndani ya kituo, nyuma ya mzee. Miaka yote watazamaji wamedhani yuko peke yake mle. Mimi pia nilidhani hivyo.

Lala salama, kapteni, katika tumaini tulilolikiri pamoja. Ninakuahidi kwamba maadamu ningali hai hakuna atakayekutilia neno kinywani, hata neno jema. Na Jumapili, kuanzia leo, sitageuka tena langoni. Nitaingia, nitasalimu, nitangoja kwanza kiasi cha kukohoa kwako, ndipo nitakapomsikiliza atakayeitikia.

Ni mimi wa kituoni,
Mwinjilisti Wafula