Pengo la Kiraka Kimoja

Dada yangu,

Pokea salamu za fundi asiye na mpinzani mtaa mzima. Hata wateja walionikimbia wanakiri.

Blanketi la viraka analoshona mama limekaribia kwisha. Macho yake hayaoni tena, hivyo namtungia uzi kwenye sindano, nikishaupaka nta ya mshumaa usijisokote. Jana niliziba pengo la katikati kwa kipande cha suruali yangu. Akapapasa, akacheka: "Wewe na ujuaji wako! Hapo ni pa dada yako. Fumua."

Nikafumua.

Daktari anasema mama hamalizi wiki mbili.

Lile gauni mlilogombania na mama, ukaondoka nalo, lifue kwanza lisije likasinyaa blanketini. Usilitume kwa mkono wa mtu. Sindano yako nimeshaitia uzi.

Mdogo wako,
Fundi