Jibu Nililoliandika kwa Simu ya Baba

Jumamosi, Mtongwe. Jua limewaka tangu asubuhi na hakuna upepo hata wa kutikisa pazia. Mikeka ya matanga imekunjwa, sufuria za kuazima zimerudishwa kwa wenyewe, na nyumba imebaki na harufu ya ubani na pilau iliyolala. Sina hamu ya kula. Sina hamu ya kuongea na mtu. Ndiyo maana nimekuja huku.

Blogu hii inasomwa na watu wachache nisiowajua, na hakuna hata mmoja wa nyumbani anayejua kwamba ipo. Leo nashukuru kwa hilo.

Baba alifariki Jumanne alfajiri. Aliamka ili atawadhe, akaketi ukingoni mwa kitanda, na hakuinuka tena. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya Adhuhuri, kama ilivyo kwetu, maiti hasubirishwi. Mdogo wangu Omari hakuwepo. Hata tungemwambia saa ile ile asingewahi, kwa sababu yuko huko magharibi mwa Afrika na timu ya taifa ya mpira wa kikapu, kwenye mashindano ya wanaume ya bara zima. Kenya si nchi inayoonekana huko kila mara. Mtu wa huku kwetu Likoni ndiyo kabisa.

Omari ni mrefu, hakuna mlango wa nyumba hii ambao hajaugonga kwa kichwa. Lakini ni mimi niliyemlea. Mama alitutoka Omari akiwa hajaanza shule, na mimi nikaacha yangu nikashika cherehani.

Jioni ya mazishi, Ami Rashidi, mdogo wake Baba, alitukusanya barazani.

"Msafiri hapigiwi simu ya msiba," alisema. "Habari kama hii mtu hupewa akiwa kwao, ameketi, ana wa kumshika. Mwacheni mtoto acheze. Akirudi, mimi mwenyewe nitamwambia, inshallah."

Ni desturi yetu ya tangu zamani na sikuona ubaya wake. Shangazi yetu mmoja alikuwa Arabuni mamake alipokufa, akaambiwa aliporudi, na akatushukuru. Kwa hiyo niliitikia kama wenzangu. Watu wakaonywa wasiweke picha ya marehemu kwenye simu zao. Basi hawa watu wa Mtongwe, ambao hawawezi kukaa na siri ya mume wa mtu hata kwa nusu saa, wakafunga midomo yao wote. Nilistaajabu.

Ami alisahau kitu kimoja. Simu ya Baba.

Masikio ya Baba yaliharibika kwa miaka aliyofanya kazi bandarini katikati ya mashine, na kuongea naye kwenye simu kulikuwa kazi ya kupiga kelele. Omari alizoea kumwandikia meseji. Na kwa kuwa macho ya Baba nayo hayakuziweza zile herufi ndogo, mimi ndiye niliyemsomea. Yeye alisema, mimi nikaandika. Kwa miaka mingi, maneno yote ambayo Omari aliandikiwa na babake yalipita kwenye vidole vyangu.

Nayo hayakuwa mengi. Baba alitazama kila mechi, kisha akasema, "Mwandikie alisimama kama nguzo ya stima." Au, "Mwandikie mikono anayo, akili ya kurudi nyuma hana." Kusifu hakukuwamo. Aliamini kwamba mtoto akisifiwa miguu yake huwa mizito.

Jumatano Omari alimsalimia. Nikamjibu, "Alhamdulillahi. Kula vizuri, lala mapema." Yalinitoka mara moja, bila hata kufikiri. Niliiweka ile simu chini nikajiogopa.

Alhamisi, baada ya Magharibi, ikaja hii:

"Shikamoo Baba. Goti la kulia limevimba tangu mechi ya juzi. Daktari wa timu hapendi, kocha anasema uamuzi ni wangu. Kesho tukishinda tunaingia robo fainali. Nicheze?"

Nisome mara ngapi? Jibu nililijua kabla sijamaliza kusoma. Baba mwenyewe alichezea timu ya kazini kwao alipokuwa kijana. Alicheza fainali na goti lililovimba, akashangiliwa sana, na tangu hapo akachechemea hadi Jumanne hii. Omari amelelewa na maneno hayo: goti likivimba, keti. Nilitakiwa kuandika neno moja tu. Keti.

Sikuliandika.

Tatizo ni kwamba Baba akikubali jambo, Omari hushukuru akalala. Baba akikataa, Omari hupiga simu. Hupiga ili abishane. Tunaiweka ile simu kwenye spika, mmoja anapiga kelele kutoka huko aliko na mwingine anapiga kelele kutoka hapa, hadi jirani anauliza dirishani nani kashinda. Hivyo ndivyo walivyopendana wale wawili. Na mimi nilijua kwamba nikiandika "keti", simu hiyo italia mkononi mwangu, na sauti itakayotakiwa iko chini ya mchanga.

Nje wanaume walikuwa wakizungumza juu ya mechi. Nilimsikia Ami akisema, "Mungu kamchukua ndugu yangu, lakini kesho huenda akatupa cha kutufuta machozi."

Nikaandika: "Cheza, mwanangu. Najivunia wewe."

Hayo maneno ya pili nimejiuliza sana yalitoka wapi. Nadhani "cheza" peke yake lilinitisha, nikataka kulifunika. Na nilimhurumia. Tangu akiwa mdogo nilimwona akirudi uwanjani akimtazama Baba usoni, akingoja, na Baba akiuliza tu kama amekula.

Alijibu papo hapo: "Baba! Sijawahi kukusikia ukisema hivyo. Asante." Simu haikulia. Nami, Mungu anisamehe, nilipumua.

Jana baada ya swala ya Ijumaa ilisomwa khitma. Watu wakala, wakaomba dua, wengi wakaondoka. Wanaume waliobaki waliegemeza simu kwenye chupa ya chai pale mkekani, wakaipunguza sauti hadi mwisho kwa heshima ya marehemu. Mimi nilisimama mlangoni na sinia ya vikombe.

Omari alianza mechi. Wao walimwona anacheza. Mimi nilimwona anaufichaficha mguu wa kulia, kama alivyokuwa akifanya utotoni akijikata na hataki nijue. Alidaka mipira, akafunga, Ami akapiga paja lake kwa furaha. Baada ya mapumziko aliruka juu pamoja na wenzake wawili, akatua kwa ule mguu, na goti likaenda ndani, upande ambao goti haliendi. Alianguka bila sauti. Niliona mdomo wake umefunguka na kiganja chake kinapiga sakafu. Wakambeba.

Kenya ilishinda. Kijana mmoja akaruka kushangilia, akakumbuka yuko matangani, akaketi.

"Goti litapona," Ami akasema. "Wallahi ametutoa aibu."

Niliingia uani nikaosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

Leo asubuhi simu ya Baba ikalia. Niliiacha hadi ikakatika. Ikalia tena, nikaiacha. Mara ya tatu niliipokea kwa sababu nilichoka kuiogopa.

"Dada? Mweke Baba kwenye spika. Mwambie asinigombeze kwanza."

Alikuwa akipaza sauti kama kawaida yake, ili mzee asikie. Alisema yuko hospitali. Wamempiga picha goti, kano zimekatika, lazima apasuliwe. Madaktari hawamwahidi kwamba atarudi kucheza kama zamani. Aliyasema haraka haraka, kama mtu anayeteremsha mzigo. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya juu, "Baba, sikulaumu, unasikia? Hata nisipocheza tena, ile meseji yako inanitosha."

Nikashindwa.

"Omari, Baba hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Tulimzika Jumanne."

Nilisikia magurudumu ya kitanda yakipita huko aliko, na watu wakiongea lugha nisiyoijua.

"Jumanne," alisema. Sasa sauti ilikuwa ya chini. Hakukuwa tena na mtu wa kupaziwa. "Alhamisi aliniandikia nani?"

"Ni mimi."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Nilikuwa hata nimeanza kumweleza habari ya Ami na desturi na mechi, nikasikia ninavyojitetea, nikaacha. Kwa sababu Ami alisema tusimpe habari. Hakusema nimdanganye kwa jina la maiti. Hilo nilijituma mwenyewe.

Alipozungumza tena alikuwa yule mtoto niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu.

"Yote ni wewe, dada? Hata kwamba ananijivunia?"

Goti nilikwisha kumvunja. Baba alikwisha kuzikwa bila yeye kushika hata ukingo wa jeneza. Kilichokuwa kimebaki mkononi mwake ni maneno mawili, na alikuwa akiniuliza kama nayo niyachukue.

"La," nikasema. "Hayo ni yake. Aliniambia Jumatatu, akaniagiza nikuandikie kabla hujacheza."

Akalia. Hajalia hivyo tangu Mama. Nilimsikiliza hadi mwisho, sikuthubutu kulia naye. Kisha akavuta pumzi na kusema, "Basi goti na liende, dada. Goti si kitu." Akaniombea mimi subira. Mimi.

Baadaye nilimweleza Ami kwamba Omari anajua. Hakunigombeza. Alisema nimefanya vyema, kwamba mwana kupata radhi za babake ni bora kuliko goti. Sikumwambia kwamba Jumatatu Baba alichosema juu ya Omari ni kwamba anachelewa kurudi nyuma kulinda.

Labda alimjivunia. Nataka kuamini hivyo. Niliishi naye, nikamwandikia, nikamsomea, nikamwosha miguu, na bado siwezi kuapa. Na kama yalikuwamo moyoni mwake, kaondoka nayo, na yale aliyoyapata Omari ni ya fundi cherehani aliyeogopa kupokea simu.

Atarudi wiki ijayo kwa magongo. Namjua. Ataketi kwenye kile kitanda na atataka kujua yote: Baba aliyasema vipi, alikuwa ameketi wapi, alimtazama nani, alicheka au hakucheka. Na atayarudia kwa mke atakayemwoa, na kwa watoto wake.

Tangu adhuhuri nimeketi hapa nikiyatunga.